Karatasi ya Pili

4 Februari

Kwako Karani wangu,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Hapa hatujambo, na bibi yako hajambo kutushinda sote. Jana kamwambia jirani yetu, yule fundi cherehani, kwamba gauni alilomshonea linamzeesha. Ana miaka themanini na sita! Fundi kacheka mpaka sindano ikamdondoka. Mkono wa kulia bado hauna nguvu na mguu ndio vile vile, lakini ulimi uko salama salimini. Paa la jikoni tumeliziba. Paka kazaa watatu, ndani ya kapu la nguo safi, na hakuna anayethubutu kumgusa.

Bibi yako anasema ule vizuri, na usinyoe tena kipara kama kwenye ile picha.

Mjomba.

2

Karani, hii ni yetu wawili, kama kawaida. Namba mbili naiandika kwa penseli pembeni juu, na wewe ufanye hivyo hivyo, nisije nikajisahau nikamsomea bibi yako ya kwangu.

Nimerudi kwa daktari wa macho. Ile presha ya macho haitaki kushuka kwa matone. Anataka nikapasuliwe hospitali kubwa kabla mwezi wa tano haujaisha. Kwenda, kupasuliwa, kukaa jirani na hospitali wapime na kupima tena, jumla wiki tatu. Si jambo kubwa, ni jicho tu, usianze kulia. Lakini wiki tatu hizo nani atamlisha bibi yako? Nani atamgeuza kitandani? Tulikubaliana mwisho wa mwaka kwamba utakuja wewe. Nipe tarehe nimjibu daktari.

Na usinipigie. Umenipigia mara tatu, na mara zote tatu king'ora cha kazini kwako kimelia ukakata. Humu ndani vyumba viwili, nikiongea na simu bibi yako anauliza kila neno. Andika.

Mjomba wako.


21 Februari

Shikamoo Mjomba. Shikamoo Bibi, mara mbili, sikio la kushoto na la kulia.

Habari ya gauni imenivunja mbavu. Mimi mzima. Nimehamia chumba kipya ghorofa ya nne, dakika saba kwa miguu mpaka ofisini, nimepima kwa saa. Nina kitanda, meza, jiko la umeme la sahani moja, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Bibi anauliza kwa mara ya kumi nafanya kazi gani. Bibi, yale mafaili ya wagonjwa aliyokuwa anatunza Mjomba hospitalini, mimi natunza ya hospitali arobaini na moja, ila si ya karatasi. Yamo kwenye kompyuta za kukodi, mbali, kwenye majengo matatu yaliyo mbalimbali. Watu wanaita wingu. Hakuna kilichoko juu, usitoke nje kutazama.

Nywele zimeota. Wasalimie paka.

Karani wenu.

2

Mjomba, kazi hii niliianzia sakafuni kwako. Nilikuwa na miaka saba, nakupangia kadi za rangi kwenye chumba cha mafaili, na wewe ufunguo shingoni kwenye kamba ya kiatu. Naukumbuka mpaka ule mlango wa chuma uliowekwa baada ya mchwa kuula ule wa mbao.

Kila ninachokijenga huku, naangalia kwanza kilichokusumbua wewe. Paa lako lilivuja likaozesha mafaili ya majina ya herufi tano. Kwangu kila faili lina nakala tatu kwenye majengo matatu. Moja likiungua, mengine yanapokea kazi na mgonjwa hajui kama kumetokea kitu. Kwako yeyote mwenye koti jeupe alipekua anavyotaka. Kwangu daktari anaona wagonjwa wake, mhasibu anaona bili, basi, na mwizi akiiba anaondoka na herufi zilizovurugwa zisizosomeka bila ufunguo. Nakala zenyewe tunazijaribu kila mwezi, tunalirudisha faili zima tuone kama kweli linafunguka, maana nakala usiyowahi kuifungua ni matumaini tu. Hata gharama nimeibana: kliniki zikifungwa, kompyuta zisizo na kazi zinajizima, watu wakianza kupanga foleni asubuhi zinawaka. Mkurugenzi wetu ananisifu mpaka naona aibu.

Sasa kuja. Ufunguo mkuu, ule unaofungua mfumo mzima ukianguka, ninao mimi peke yangu. Ni kanuni za usalama, si mimi niliyezitunga. Likitokea la kutokea natakiwa niwe mbele ya kompyuta ndani ya dakika kumi. Tunamalizia kuhamisha hospitali sita. Mwambie daktari mwezi wa nne. Naapa.

Karani.


15 Machi

Karani wetu,

Barua yako imetembea siku kumi na sita, sijui ilikuwa inapumzika wapi. Bibi yako kaisikiliza mara nne. Ameelewa kazi yako sasa, anamwambia kila anayeingia kwamba mjukuu wake anatunza wagonjwa wa watu kwenye nyumba tatu za kupanga. Nimeshindwa kumsahihisha.

Paka mmoja kapewa fundi. Paa limevuja upande wa pili.

Usishangae herufi kubwa, kalamu hii mbovu.

Mjomba.

2

Nimekusoma, na nimekusoma tena. Mambo mazuri, nakuvulia kofia. Mimi miaka thelathini na moja ya chumba kile sikufikiria nusu yake. Lakini niruhusu mzee nikuulize swali la kijinga. Majengo matatu. Nakala tatu. Kila kitu umekiwekea mwenzake, ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Wewe uko wangapi?

Nimemwambia daktari mwezi wa nne. Amekuna kichwa, akakubali. Usinipige chenga, Karani.

Mjomba.


2 Aprili

Shikamoo Mjomba, shikamoo Bibi.

Bibi, nimeona mtu ofisini amevaa gauni kama lako na kweli linazeesha. Usimwambie fundi. Mimi naendelea vizuri, nakula, nalala. Huku joto. Kuna mwenzetu mpya kazini, kijana mtaratibu haongei, tumempachika jina la Kimya. Alinipa embe bila kusema neno, akaondoka.

Karani.

2

Mjomba, nisamehe. Mwezi wa nne hauwezekani.

Nimeandika sentensi hiyo na nikakaa nayo saa nzima. Acha nikueleze ninavyoishi, labda utanielewa. Naoga simu ikiwa imening'inia bombani ndani ya mfuko wa plastiki. Sokoni naenda na kompyuta mgongoni. Mkutano ukiwa nje ya mji, siendi. Harusi ya rafiki yangu nilikaa kwenye ngazi za ukumbi kwa sababu ndani mtandao ulikuwa hafifu. Wiki iliyopita nilithubutu kwenda saluni. Wamesuka nusu ya kichwa, king'ora kikalia kwenye simu. Nilikimbia hivyo hivyo, upande mmoja umesukwa upande mmoja umesimama, na nikakaa siku mbili hivyo mbele ya watu kwa sababu niliogopa kurudi kumalizia. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, la kubonyeza vitufe viwili. Lakini vitufe hivyo hakuna mwingine mwenye ufunguo wa kuvifikia.

Kuhusu swali lako, niko mmoja. Niliona aibu ulivyouliza, nikakasirika, sasa nimetulia.

Na wewe niambie ukweli. Kalamu mbovu haipandishi mistari. Mistari yako ya pili inapanda juu ya ya kwanza. Jicho likoje? Nimesoma kuhusu huo ugonjwa, Mjomba. Kinachopotea hakirudi, si ndiyo? Hukuniambia hilo. Mwombe fundi akae na Bibi, nenda ukapasuliwe. Nakuomba.

Karani.


29 Aprili

Karani,

Hatujambo. Bibi anakusalimu. Paa ni zima. Karatasi inajaa haraka kwa hiyo nafupisha.

Mjomba.

2

Fundi nimemjaribu. Alikuja na supu, bibi yako akafunga mdomo kama mlango wa benki. Kwa mkono wangu anakula, kwa wa mwingine hali. Sasa nifanyeje, nimwache afe njaa nikatengeneze macho? Hilo usinitajie tena.

Daktari kanipa tarehe ya mwisho: 8 Julai. Kasema hanisogezei tena hata nikilia. Nami nakwambia kama alivyoniambia.

Jicho ni jicho, linaona linachotaka.

Mjomba.


20 Mei

Shikamoo Mjomba, shikamoo Bibi.

Mimi mzima wa afya. Nywele nimesuka zote. Kimya ameanza kuongea, alisema "mvua," na kweli ilinyesha. Bibi, nakukumbuka mno, hasa ukinisema.

Karani.

2

Mjomba, nimeandika barua hii mara tano, nne nimechana. Sasa naandika bila kusimama.

Nilikudanganya. Hakuna kanuni ya usalama inayosema ufunguo mkuu ushikwe na mtu mmoja. Kanuni inasema kinyume chake, na mimi naijua kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile, kwa sababu ndiyo ninayowafundisha wengine: pasiwe na kitu kimoja ambacho kikianguka vyote vinaanguka. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Kila siku nakaa chini yake.

Mwaka juzi Mkurugenzi mwenyewe alitaka kuajiri mtu wa pili. Mimi nilikataa. Nilimchorea na grafu nzuri, nikamwonyesha kwamba mtu wa pili ni gharama isiyo na kazi na ni mlango mwingine wa wezi. Akaona ameokoa mshahara, akanishukuru. Kimya aliletwa mwezi wa pili ajifunze kwangu, na mpaka leo nampa kazi za kusafisha tu. Akiuliza kitu cha maana nasema tutaongea kesho. Ndiyo sababu haongei. Si mkimya, amechoka kuulizia.

Kwa nini? Siku nilipoondoka nyumbani kuja kuanza kazi ulinivuta pembeni ukaniambia, mtoto wa kike, mji wa watu, huna ndugu pale: shika ufunguo, na ushike peke yako, watakuheshimu na hawatakufukuza. Ulikuwa umeshika ule wako shingoni ukisema hayo. Nikafanya. Na kweli wananiheshimu. Hawawezi kunifukuza, na mimi siwezi kutoka. Nimejifungia kwa mikono yangu, Mjomba, na sasa mlango huu umekuzuia na wewe.

Sikulaumu. Au labda nakulaumu kidogo, nikiamka vibaya. Lakini ninayemwonea haya ni mimi.

Nikimwambia Mkurugenzi ukweli leo ataniuliza kwa nini miaka miwili nilimdanganya, na pengine ndio mwisho wangu pale. Naogopa. Sijui nifanye nini. Usimsomee Bibi.

Karani.


11 Juni

Kwa mjukuu wa bibi,

Salaam. Mimi ni fundi cherehani, jirani. Mwandiko wangu utauvumilia, nimezoea chaki na kitambaa. Naandika anayoyasema bibi yako, yuko hapa kanikazia macho nisipunguze neno. Mjomba wako kakaa nje mlangoni, kanuna.

Kwanza la kwangu. Barua yako ilipofika mjomba wako aliniita nimsomee bibi, akasema kasahau alikoweka miwani. Akanikabidhi karatasi zote mbili. Sikujua mambo ya namba mbili, na yeye hakuiona ile penseli. Nikasoma ya kwanza, nikaingia ya pili, kwa sauti, maana bibi yako sikio lenyewe unalijua. Nilipofika kwenye kanuni za usalama mjomba wako akaruka: "Hiyo siyo! Hiyo acha!" Bibi akamwambia, "Kaa chini." Kisha akaniambia, "Soma." Nikasoma mpaka jina lako. Pale tukajua mambo mawili kwa mpigo. La kwako, na kwamba mjomba wako haoni. Bibi kamtia kwenye kona mpaka akayasema yote: jicho la kushoto limezima tangu mwezi wa tatu. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Juzi kapita pembeni yangu barabarani, nikadhani kanikasirikia.

Sasa ya bibi.

Anasema: Mjukuu wangu, nimekula. Andika hivyo hivyo, fundi. Nimekula kwa mkono wa fundi tangu mwezi wa kwanza, kila Kitinda wangu, huyo mjomba wako, akienda posta kupeleka hizo barua zake za siri. Anakwenda asubuhi anarudi mchana, mlidhani mimi nashinda na hewa? Nakula kwa mkono wa mtu yeyote mwenye kijiko. Sijamfungia mtu mdomo maisha yangu yote, wewe mwenyewe shahidi.

Nimemwuliza Kitinda kwa nini kasema uongo. Katoka nje. Basi namjibia mimi, nimemzaa. Alistaafu, wakachukua chumba chao, akabaki na mimi. Mimi ndiye mafaili yake sasa. Anaogopa aondoke wiki tatu arudi akute mambo yamekwenda.

Na wewe umetoka kwake, huna pa kujificha. Nilikuwa nakuona mtoto mwenye kazi kubwa, kumbe mnafanana hivi! Huyo kijana uliyempa ufagio, mpe ufunguo. Ukifukuzwa, rudi, chumba kipo, paa linavuja kidogo. Usipofukuzwa, pia njoo. Tarehe nane mwezi wa saba Kitinda anakwenda kupasuliwa hata kama nitamburuta kwa huu mkono mmoja.

Karatasi za pili mwisho leo. Mna siri gani nyie, mimi nina miaka themanini na sita, nitamwambia nani?

Ndiyo hayo. Amesema niandike amekula, kwa hiyo naandika tena: amekula. Mimi nitakuwepo hapa, uje usije.

Fundi cherehani.


23 Juni

Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba. Fundi, asante, sina neno kubwa kuliko hilo.

Karatasi ni moja, msitafute nyingine.

Barua ya fundi nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za ofisini. Nikapanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi kabla woga haujanikuta. Nilimwambia kila kitu, mpaka grafu. Akasema, "Kwa hiyo miaka miwili hospitali arobaini na moja zimekuwa zikimtegemea binti mmoja asipate homa?" Nikasema ndiyo. Amenipa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu. Ukuu wa kitengo amenivua. Mkuu mpya ni Kimya.

Haya, nimelia, nimemaliza.

Ufunguo mkuu tumeugawa. Sasa wanaushika watu watatu, Kimya, mkaguzi wetu, na mimi. Yeyote peke yake hafungui kitu, lakini wawili wowote wakikutana wanafungua. Mwizi atalazimika kuwaibia wawili, na mmoja wetu akiugua, wapo wengine. Haikugharimu karibu chochote. Ningeweza kuifanya siku ya kwanza.

Jumanne tumejaribu. Saa nne asubuhi tumezima jengo moja kwa makusudi, na mimi nimefungiwa chumba cha mikutano bila simu wala kompyuta, na glasi ya maji. Kwa ukuta wa kioo nilikuwa nawaona. Kimya na mkaguzi wakahangaika na karatasi ya maelekezo niliyoandika mimi, na nikakumbuka nimeruka hatua moja. Nikasimama. Nikagonga kioo. Kimya akanionyesha kiganja: kaa. Waliitafuta wenyewe hiyo hatua, wakaipata, wakaiandika kwa kalamu nyekundu. Dakika kumi na tisa, jengo likarudi kazini.

Hakuna aliyeniita. Nisameheni, nawaambia kama lilivyo: nilitamani wakwame. Nilitamani waje mlangoni wanaomba. Iliniuma, Mjomba. Ninajua na wewe itakuuma, kwa hiyo nimeona nikuambie mapema.

Nafika tarehe 5 Julai. Fundi anifundishe namna ya kumgeuza Bibi.

Karani.


19 Julai

Kwa Karani, kwa Mama, na kwa fundi,

Naandika mwenyewe. Nimeweka rula chini ya kila mstari, muuguzi kaninunulia. La kulia limepona, maana yake kile kilichobaki kimebaki. La kushoto wamesema nisahau. Wodi ina vitanda vinane, na wote tuna bandeji, tunagongana kama kuku. Jirani yangu wa kitanda ni dereva wa trekta, anakoroma mpaka glasi zinacheza.

Mama kasema siri mwisho. Basi ninayo moja, niimalize.

Karani, ule mlango wa chumba cha mafaili haukuliwa na mchwa. Nilikuambia hivyo kwa sababu ulikuwa mtoto. Nilishikwa na homa, nikalala nyumbani siku mbili na ufunguo shingoni. Kaletwa mama mmoja wa kujifungua, hali mbaya, faili lake lilikuwa ndani kwangu, na ndani ya faili kulikuwa na kitu ambacho daktari alihitaji kukijua. Wakatuma mtu nyumbani, akabisha, sikusikia. Walivunja mlango kwa shoka. Saa mbili zilipita. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyenilaumu hata kidogo. Wakaweka mlango wa chuma, wakaniletea ufunguo mpya, mmoja, nami nikauvaa siku hiyo hiyo. Halafu miaka ikapita nikakufundisha wewe uvae wa kwako. Nimelala hapa na bandeji nikalifikiria hilo, na sikupata pa kujikoshea. Nisamehe.

Sasa la ajabu. Hospitali hii ni mojawapo ya zile zako arobaini na moja, nimewauliza. Tarehe nane wananiandaa, muuguzi ananisomea faili langu kwenye kompyuta: jina, umri, damu, dawa nisizopatana nazo. Katikati ya maneno kioo kikawa cheusi. Akasema, "Ah." Daktari tayari kanawa. Nikajiambia: Karani yuko kwa bibi yake anageuza godoro, dakika saba za miguu zimekuwa safari ya siku nzima, leo nimekalia kuti kavu. Nikaanza kuhesabu, si unanijua. Nikaona shoka.

Dakika nne. Kikawaka. Muuguzi akasema, "Haya, baba, tulikuwa kwenye dawa." Akaendelea. Hakuuliza nani kakiwasha. Hajui kama kuna mtu anaitwa Karani duniani. Nilitaka nimwambie, nikaona nitalia na macho hayaruhusiwi.

Wananiruhusu tarehe 2 Agosti. Naweza kuomba niondoke mapema. Zamani ningeandika yanayofuata kwenye karatasi ya pili, lakini basi: hivi Mama ananiulizia?

Kitinda.


27 Julai

Shikamoo Mjomba,

Hapa wote wazima. Fundi ameshona pazia jipya. Paa nimepanda mwenyewe nikaliziba, Bibi ananielekeza kutoka kitandani asikokuona. Barua yako nimeisoma yote kwa sauti. Kwenye habari ya mtoto nilisimama, Bibi akasema niendelee, nikaendelea. Aliijua. Aliijua siku zote, Mjomba. Ulipokuwa na homa ile nani alikuwa anakukanda? Yeye ndiye aliyesikia hodi, na hakukuamsha. Anasema naye aandikwe kwenye kosa hilo.

Zile dakika nne niliambiwa baada ya siku tatu, Kimya alipopata nafasi. Jengo moja lilikatikiwa umeme, mengine yakapokea. Siku ile saa ile nilikuwa namchana Bibi nywele na simu ilikuwa jikoni, imezimwa. Nimejaribu kujisikia vibaya na nimeshindwa.

Swali lako nimemsomea kama ulivyoliandika. Alikuwa anakula, fundi kashika kijiko. Alitafuna kwanza akameza.

Amesema: "Mwambie sijamuulizia, kwa sababu najua alipo. Akae mpaka wamalize."

Kisha akafungua mdomo, fundi akaendelea.

Karani wako.